Opereta si somo la nusu saa

Kuna jambo ambalo limekuwa likinikera kwa muda mrefu na leo nataka kulisema waziwazi. Namna tunavyowafundisha watu kuandika programu ina kasoro moja kubwa: tunapita juu ya opereta kama basi la usiku linavyopita vituo vidogo. Taa zinaonekana kwa mbali, dereva hapunguzi mwendo, na abiria aliyetaka kushuka anaambiwa atashukia mbele.

Chukua kozi yoyote ya wanaoanza. Somo la kwanza, kuchapisha salamu kwenye skrini. Somo la pili, vigeu, yaani majina tunayoyapa thamani ili tuzitumie baadaye. Somo la tatu ni jedwali: kushoto alama, kulia maana. Jumlisha, toa, zidisha, gawanya, sawa na, kubwa kuliko, ndogo kuliko. Mwalimu anasema, "Hizi mnazijua tangu darasa la tatu," anafuta ubao, na wiki ijayo darasa liko kwenye tovuti zenye rangi na vitufe vinavyong'aa.

Hapo ndipo ninapopinga. Si kweli kwamba mwanafunzi anazijua. Anachojua ni alama zinazofanana nazo. Alama ya darasa la tatu na alama ya ndani ya kompyuta ni kama mapacha: sura moja, tabia mbili. Na kwa sababu sura ni moja, mwanafunzi haulizi swali. Angekutana na alama ngeni kabisa angeuliza. Kosa linaingia pale anapodhani anajua.

Nitaeleza hoja yangu kwa mifano. Kama unaanza kujifunza, isome polepole na ujaribu kila mstari mwenyewe. Kama unafundisha wengine, tafadhali nivumilie mpaka mwisho.

Kwanza tuelewane: opereta ni nini?

Opereta ni alama au neno fupi linaloiambia kompyuta ifanye kitendo fulani juu ya thamani moja au zaidi. Katika 7 + 5, alama ya + ndiyo opereta, na 7 na 5 ndizo thamani zinazofanyiwa kazi. Kwa anayeanza kuna makundi manne: za hesabu (+ - * / %), ya kuweka thamani (=), za kulinganisha (== != < > <= >=), na za mantiki (and, or, not; katika lugha nyingine huandikwa && || !). Yapo mengine, lakini haya manne yanatosha kujenga programu ya duka, ya chama au ya sacco. Yanatosha pia kuibomoa.

Kugawanya: 18 kati ya 24 ni sifuri?

Tuseme chama chenu kina wanachama 24, na 18 wamelipa mchango wa mwezi. Mweka hazina anataka kujua asilimia ya waliolipa. Kijana wa chama anayejua kompyuta anaandika hivi kwa Java:

int asilimia = waliolipa / wanachama * 100;

Ukiifanya kwenye karatasi utapata 75. Kompyuta inatoa 0.

Haijakosea. Katika Java, C na lugha nyingine kadhaa, nambari kamili ikigawanywa kwa nambari kamili, jibu pia ni nambari kamili, na kilicho baada ya nukta kinatupwa. 18 gawanya kwa 24 ni 0.75, sehemu ya.75 inatupwa, inabaki 0. Sifuri mara mia ni sifuri. Ukibadilisha mpangilio tu ukaandika waliolipa * 100 / wanachama, unapata 1800 gawanya kwa 24, ambayo ni 75. Alama ni zile zile, nambari ni zile zile, mpangilio tu ndio umebadilika.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba programu haigomi wala kutoa onyo lolote. Itasema 0 mwezi mzima, mpaka siku ambayo wanachama wote 24 watakuwa wamelipa, ndipo itaruka ghafla hadi 100. Ukiijaribu kwa chama ambacho wote wamelipa, utaapa kwamba inafanya kazi.

Waliotengeneza lugha wenyewe wamehangaika na alama hii. Katika Python ya zamani, 7 / 2 ilikuwa 3. Pendekezo la kubadilisha liliandikwa mwaka 2001, na Python 3 ilipotoka Desemba 2008, 7 / 2 ikawa 3.5, na anayetaka nambari kamili akapewa alama yake, 7 // 2. Python 2 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020. Maana yake ni kwamba kwa zaidi ya miaka kumi na moja kulikuwa na Python mbili duniani, na mkwaju huo mmoja ulikuwa na maana tofauti katika kila moja. Kama wataalamu wa lugha walihitaji mjadala wa miaka kuhusu alama ya kugawanya, sisi tunaimalizaje kwa dakika tano?

Baki: opereta ambayo shuleni tuliisahau

Alama ya % huwachanganya wengi kwa sababu wanaisoma kama asilimia. Kazi yake katika programu ni kutoa baki, yaani kile kinachosalia baada ya kugawanya. 17 % 5 ni 2, kwa sababu tano inaingia mara tatu ndani ya 17 na mbili zinabaki.

Mwanafunzi akiambiwa hivyo huuliza, "Sasa nitaitumia wapi?" Swali zuri, na jibu analo mkononi, kwenye saa yake.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tunahesabu saa kuanzia alfajiri. Simu inasema 7:00, sisi tunasema saa moja asubuhi. Simu inasema 19:00, sisi tunasema saa moja usiku. Andika programu inayobadilisha saa ya simu kuwa saa ya Kiswahili. Wazo la kwanza la kila mtu ni kutoa sita:

saa = (h - 6) % 12

Jaribu. Saa 7 inakuwa 1, sawa. Saa 12 adhuhuri inakuwa 6, sawa. Saa 19: kumi na tatu, baki ya kumi na mbili ni 1, sawa. Saa 3 usiku wa manane: 3 toa 6 ni hasi 3. Python itakupa 9, yaani saa tisa usiku, na utafurahi. Andika mstari huo huo kwa JavaScript, Java au C, na utapata hasi 3. Saa hasi tatu usiku! Lugha hizi hazikubaliani kuhusu baki ya nambari hasi, na kila moja ina sababu zake.

Halafu jaribu saa 6 asubuhi. Jibu ni 0 katika lugha zote. Sijapata kumsikia mtu, Mombasa wala Eldoret, akisema tukutane saa sifuri. Ni saa kumi na mbili. Kwa hiyo tunapanga upya:

saa = (h + 5) % 12 + 1

Sasa 6 inatoa 12, 7 inatoa 1, 3 inatoa 9, 18 inatoa 12, na 0 inatoa 6, yaani saa sita usiku. Hakuna hasi mahali popote, na lugha zote zinakubaliana. Mstari mmoja tu, lakini ndani yake mna somo zima: kujumlisha, baki, mabano, na umuhimu wa kujaribu mipakani badala ya katikati. Hebu niambie, ni kitabu gani cha Ulaya au Marekani kitakachompa mwanafunzi wetu zoezi hili? Hili ni letu. Tunalo bure na hatulitumii.

Baki ina kazi nyingine ya heshima: kulinda pesa za watu. Chama kina faida ya shilingi 10,000 ya kugawia wanachama 24. Ukigawanya kwa desimali unapata 416.666 na kuendelea. Ukiamua kuizungusha iwe 417 kwa kila mtu, utahitaji shilingi 10,008, na shilingi nane hazipo. Njia ya haki ni opereta mbili: 10000 // 24 ni 416, na 10000 % 24 ni 16. Kila mmoja anapata 416, zinabaki 16, na mkutano unaamua ziende wapi. Hapo programu imesema ukweli, na uamuzi umebaki kwa wenye pesa.

Alama ya sawa, na siku Linux ilipoponea chupuchupu

Alama ya = ilianzishwa na Robert Recorde, mtu wa Wales, katika kitabu chake cha mwaka 1557. Alichora mistari miwili sambamba kuonyesha kwamba pande mbili ni sawa. Kwa miaka mia nne alama hiyo ilikuwa na maana moja: hiki ni sawa na kile.

Kisha ikaja FORTRAN ya IBM mwaka 1957, nayo ikaitumia kwa maana nyingine: chukua thamani ya kulia, iweke kwenye jina la kushoto. Ndiyo maana katika programu unaweza kuandika x = x + 1, jambo ambalo mwalimu wa hisabati angelitia alama nyekundu. Algol na baadaye Pascal ziliona tatizo zikatumia := kwa kuweka thamani. Lugha ya C, iliyotengenezwa na Dennis Ritchie katika Bell Labs miaka ya mwanzo ya 1970, ilishika njia nyingine: = kwa kuweka thamani, == kwa kulinganisha. C ikashinda, na watoto wake (C++, Java, JavaScript, PHP) wakairithi desturi hiyo.

Tofauti ni kubonyeza kitufe mara moja badala ya mara mbili. Inaweza kuleta nini? Mwaka 2003, mwezi wa Novemba, mtu aliingiza mistari miwili kwenye nakala moja ya msimbo wa kiini cha Linux. Ilionekana kama ukaguzi wa kawaida: kama hali ni hii, na kama namba ya mtumiaji ni 0, rudisha kosa. Katika Linux, mtumiaji namba 0 ndiye mwenye mamlaka yote. Lakini badala ya == palikuwa na =. Kwa hiyo msimbo haukuuliza kama mtumiaji ni namba 0. Ulimfanya awe namba 0. Yeyote ambaye angejua njia ya kufika kwenye mstari ule angekuwa bwana wa mashine.

Iligunduliwa haraka kwa sababu nakala ile haikulingana na hazina kuu ya msimbo, na badiliko halikuwa na kumbukumbu ya kuidhinishwa. Kwa hiyo halikuingia kwenye Linux rasmi. Lakini fikiria: aliyelipanga alichagua kosa hilo kwa makusudi, kwa sababu alijua jicho la mtaalamu linaweza kulipita. Kama mtaalamu anaweza kulipita, mwanafunzi wa wiki ya tatu ataliona kwa nguvu gani kama hakuna aliyemwonyesha?

"Na" ya Kiswahili si and ya kompyuta

Hapa kuna mtego ambao vitabu vya Kiingereza haviwezi kutuonya vya kutosha, kwa sababu unapita kwenye lugha yetu.

Tangazo langoni linasema: wazee na watoto wanaingia bure. Mwanafunzi anatafsiri neno kwa neno:

if mzee and mtoto:

Hakuna atakayeingia bure. Opereta ya and inadai pande zote mbili ziwe kweli kwa mtu yule yule kwa wakati mmoja, na hakuna mtu aliye mzee na mtoto pamoja (ukiacha wale wajomba tunaowajua). Tunachotaka ni or. "Na" yetu inakusanya makundi. And ya kompyuta inabana masharti. Ukifundisha and kwa kusema tu kwamba maana yake ni "na", umempa mwanafunzi kosa mfukoni.

Mfano wa pili. Kuna watu wanaandika "ndiyo" na kuna wanaoandika "ndio". Programu inauliza: Je, ufute rekodi zote? Kijana mwenye nia njema anataka kukubali tahajia zote mbili, anaandika kwa Python:

if jibu == "ndiyo" or "ndio":

Kwa masikio ni sentensi safi kabisa. Kwa Python ni maswali mawili tofauti: je, jibu ni sawa na "ndiyo"? Au, je, "ndio" ni kweli? Na katika Python, maandishi yoyote yasiyo matupu huhesabiwa kuwa kweli. Kwa hiyo sharti hili ni kweli daima. Mtumiaji akiandika "hapana", rekodi zinafutwa. Akiandika "subiri kwanza", zinafutwa. Ilitakiwa iwe:

if jibu == "ndiyo" or jibu == "ndio":

Au kwa ufupi zaidi, if jibu in ("ndiyo", "ndio"). Ndiyo, in nayo ni opereta.

Na zikikutana and na or kwenye mstari mmoja, and hufanywa kwanza, kama vile kuzidisha kunavyotangulia kujumlisha. Ukiandika mwanachama or mgeni and amelipa, kompyuta inasoma: mwanachama yeyote, au mgeni aliyelipa. Mwanachama asiyelipa amepita. Kama ulitaka wote wawe wamelipa, weka mabano: (mwanachama or mgeni) and amelipa. Ushauri wangu ni huu: ukiwa na shaka hata kidogo, weka mabano. Hayalipiwi.

Hata BODMAS yetu ya shule ya msingi inahitaji kuangaliwa upya. Wengi wamekariri kwamba kujumlisha hutangulia kutoa kwa sababu A iko kabla ya S. Kwa hiyo 10 - 4 + 3 wanaifanya 10 toa 7, wanapata 3. Kompyuta itakuambia 9, kwa sababu kujumlisha na kutoa vina daraja moja na husomwa kutoka kushoto kwenda kulia. Kuzidisha na kugawanya vilevile.

Jumlisha nayo ina sura mbili. 50 + 20 ni 70, lakini "50" + "20" ni "5020", kwa sababu alama za kunukuu zimezigeuza kuwa maandishi na + ikayaunganisha. Anachoandika mtu kwenye kisanduku cha ukurasa wa tovuti humfikia JavaScript kama maandishi. Nauli ya 50 na mzigo wa 20 vinakuwa shilingi elfu tano na ishirini. Abiria huyo atapiga kelele, na atakuwa na haki.

Senti zinazopotea, na sekunde zilizoua

Fungua Python au kivinjari chochote, andika 0.1 + 0.2. Utapata 0.30000000000000004. Uliza kama 0.1 + 0.2 == 0.3 na utaambiwa si kweli.

Sababu ni rahisi kuieleza. Sisi tunahesabu kwa kumi, kompyuta inahesabu kwa mbili. Kama sisi tusivyoweza kuandika theluthi moja kwa desimali bila kuendelea milele (0.3333...), kompyuta haiwezi kuandika sehemu moja ya kumi kwa mfumo wa mbili bila kuendelea milele. Kwa hiyo inakata mahali fulani, na kipande kidogo kinapotea.

Kidogo kiasi gani? Chukua bei ya shilingi 19.99, izidishe kwa 100 upate senti. Python inatoa 1998.9999999999998. Ukikata desimali una senti 1998. Senti moja imekwenda. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, hapa Kenya pesa za mama mboga, za bodaboda na za karo zinapita ndani ya programu, nyingine zikiwa zimeandikwa na vijana wawili kwenye chumba kimoja. Senti moja kwa kila malipo, mara malipo elfu kumi kwa siku, ni shilingi mia moja kila siku ambazo hesabu haitalingana na mhasibu atalaumiwa. Dawa inajulikana: hesabu pesa kwa senti, kwa nambari kamili, au tumia aina maalum ya desimali ambayo lugha imekupa. Usilinganishe desimali kwa ==.

Kama senti hazikutishi, basi sikiliza hili. Tarehe 25 Februari 1991, wakati wa Vita vya Ghuba, kombora la Scud la Iraq lilianguka kwenye kambi ya Wamarekani huko Dhahran, Saudia, likaua wanajeshi 28. Mtambo wa Patriot uliokuwa ukilinda eneo hilo ulishindwa kulifuatilia. Uchunguzi ulionyesha kwamba saa ya mtambo ilihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, kisha ikazidisha kwa moja ya kumi iliyohifadhiwa kwa biti 24. Kile kipande kidogo kilichokatwa kilikusanyika. Baada ya mtambo kuwaka kwa takriban saa 100 mfululizo, kosa lilikuwa limefika theluthi moja ya sekunde hivi. Kombora linalokimbia kwa kasi ya Scud husafiri zaidi ya nusu kilomita katika muda huo. Mtambo ulitazama mahali pasipo na kitu.

Kuzidisha kwa 0.1. Hesabu ya darasa la tano.

"Lakini watachoka"

Najua nitakachojibiwa. La kwanza: wanaoanza wakikalishwa wiki mbili kwenye opereta watachoka na kuacha. Wanataka kuona kitu kinachosogea kwenye skrini. Hoja hii ina ukweli, na siipuuzi. Lakini kinachochosha ni jedwali, si opereta. Mpe mtu saa ya Kiswahili aitengeneze, mgawie faida ya chama, mwambie atafute kwa nini "hapana" inafuta rekodi, halafu uone kama atasinzia. Na mwanafunzi anayeacha katika wiki ya pili si hasara kubwa kuliko yule anayefika mwaka wa pili akiwa hajui kwa nini programu yake inadanganya.

La pili: siku hizi akili mnemba inaandika msimbo wenyewe, opereta za nini? Jibu langu ni kwamba sasa ndipo zinahitajika zaidi. Zamani uliandika mistari ishirini kwa siku na kila alama uliipitia kwa kidole. Leo unaletewa mistari mia mbili kwa dakika, mizuri, iliyopangwa vizuri, yenye majina ya kupendeza. Kazi iliyobaki kwako ni kusoma. Utasoma nini kama hujui tofauti ya / na //? Mashine haijui kama chama chako kinazungusha shilingi juu au chini. Inabahatisha, na wewe ndiye utakayetia sahihi.

La tatu, na hili hutoka kwa wakongwe: haya ni makosa ya wanafunzi, mtu hukua akayaacha. Samahani, si kweli. Mwezi Juni 2006, Joshua Bloch, aliyekuwa ameandika sehemu kubwa ya maktaba za Java, alitangaza kwamba utafutaji wa nusu kwa nusu uliokuwa ndani ya Java ulikuwa na kasoro, na ilikaa humo kwa miaka tisa hivi. Kasoro yenyewe ilikuwa hapa:

(chini + juu) / 2

Kutafuta katikati ya nambari mbili. Ikiwa orodha ni kubwa mno, jumla ya chini na juu inapita 2,147,483,647, ambayo ndiyo nambari kubwa kabisa ya int katika Java, nayo inageuka kuwa hasi. Tiba ni chini + (juu - chini) / 2. Jumlisha moja na gawanya moja ziliwapita wataalamu wa dunia kwa miaka tisa. Nani kati yetu atasema amezimaliza?

Nifanyeje basi?

Mwaka 2022 taasisi ya kukuza mitaala nchini iliidhinisha silabasi ya kufundisha uandishi wa programu katika shule za msingi na za upili. Nilifurahi. Lakini silabasi ni karatasi. Kinachofika kwa mtoto ni kile mwalimu anachokipa muda. Kwa hiyo pendekezo langu ni fupi, na halihitaji hata kompyuta nyingi.

Moja: opereta zipewe wiki mbili kamili, si kipindi kimoja. Wiki ya kwanza hesabu, ya pili kulinganisha na mantiki.

Mbili: kabla ya kubonyeza kitufe chochote, mwanafunzi aandike kwenye karatasi jibu analolitegemea. Ndipo aendeshe msimbo. Jibu likitofautiana na karatasi, hapo ndipo somo linapoanza. Darasa lenye kompyuta moja kwa wanafunzi arobaini linaweza kufanya hivi vizuri kabisa, kwa sababu kazi kubwa iko kwenye karatasi.

Tatu: kila opereta ijaribiwe mipakani. Sifuri. Hasi. Nambari kubwa mno. Maandishi mahali pa nambari. Saa sita usiku. Mwanachama wa mwisho kulipa.

Nne: mifano itoke kwetu. Nauli, chama, karo, saa, "ndiyo" na "ndio". Mwanafunzi anayelijua jibu sahihi kutokana na maisha yake atagundua mara moja kompyuta ikimdanganya. Mwanafunzi aliyepewa mfano wa besiboli atameza chochote.

Na wewe unayejifunza peke yako usiku baada ya kazi, bila mwalimu wala darasa, usione haya kukaa wiki nzima kwenye alama kumi na tano. Wenzako watakuwa wametangulia kwenye fremuweki zenye majina makubwa. Waache waende. Chukua kalamu, andika unachodhani 7 / 2 itatoa katika lugha unayojifunza, kisha -7 / 2, kisha -7 % 2. Endesha. Kama umepata zote tatu sawa, vizuri. Kama hujapata, umejua pa kuanzia kesho.